Sita Mahali pa Kumi na Mbili

Majirani zangu hapa Milanzi wanaamini nimeficha ramani ya hela za Mjerumani, zile zinazosemekana zilizikwa wakati wa vita. Nimekanusha mpaka nimechoka. Nakusanya dira za zamani na saa za jua za mfukoni, basi. Sichimbi, sipigi ramli, sina mashine ya kutafuta dhahabu. Lakini mwambie mtu wa Sumbawanga kwamba mwalimu mstaafu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, amepanda gari mpaka Kabwe kumfuata mvuvi mwenye dira iliyopasuka kioo, na kwamba hana mpango wa kuiuza, uone atakavyokutazama. Jirani yangu wa upande wa kushoto alinivizia siku moja kwenye ukuta unaotutenganisha akaniuliza kwa sauti ya chini, dira zangu zinasoma mpaka futi ngapi chini ya ardhi. Nikamjibu zinasoma kaskazini. Akacheka, akaondoka akiwa na hakika kwamba namficha.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mbili. Dira ya kwanza niliiokota stoo ya shule, ilikuwa itupwe na madawati mabovu, na tangu siku hiyo sijaacha. Nina dira kumi na moja na saa za jua mbili. Hizo saa za jua ndizo watu hawazielewi kabisa, kwa hiyo nieleze. Ni kisanduku cha shaba kinachoenea kiganjani. Sakafuni mwake kuna dira ndogo ya kukuonyesha pa kukielekeza. Juu ya dira kuna pete yenye namba za saa, ina bawaba, unaiinua. Na katikati ya pete kuna kijiti chembamba. Jua likipiga kijiti, kivuli chake kinaangukia namba, nawe umejua saa. Hakina betri wala springi ya kutia ufunguo. Wazungu wa zamani walitembea nazo mfukoni, na chache ziliachwa huku na mapadri, wapima ardhi na watafuta madini.

Hizo mbili nilizipata bila shida. Ya tatu, ambayo wala si yangu, imenitia adabu, na mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira, na nyingi ya hasira hiyo inaniangukia mwenyewe.

Habari zake nilizipata sokoni kwa mama mmoja anayeniuzia ulezi. Aliniambia kijijini kwao, kwenye njia ya kuteremkia Mtowisa, kuna bibi mwenye dira ya padri iliyovaa pete. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika na hiyo pete. Kesho yake nikapanda gari. Ilikuwa mwezi wa saba, ule msimu upepo wetu wa Ufipa unakukata masikio na huku jua linawaka kweupe.

Bibi mwenyewe nilimkuta uani, amejifunga kitenge juu ya sweta la kiume, anapepeta mahindi. Umri wake ulipita themanini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, tukaulizana habari za mvua iliyopita na bei ya mbolea kama ilivyo adabu, ndipo nikataja shida yangu. Hakushangaa. Aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga iliyochujuka, kisha akafanya jambo ambalo, kama ningekuwa na akili siku ile, lingenifunga mdomo. Alikipindua kinu chake, akakiweka kisanduku juu ya kitako cha kinu, akaiinua pete mpaka ikakaribia kusimama wima, akakizungusha kisanduku polepole mpaka sindano ya dira ilipotulia kwenye mstari wake. Vidole havikutetemeka. Nilikuja kujua kwamba alimwona baba yake akifanya hivyo mara elfu.

Mimi nikainama na miwani yangu. Namba za Kirumi zilichongwa vizuri na fundi wa Ulaya. Lakini pembeni ya kila moja mtu alikwaruza kwa msumari namba za kawaida, tena zisizoeleweka kabisa. Penye kumi na mbili ya Kirumi palikwaruzwa 6. Penye nne palikwaruzwa 2, na penye mbili palikwaruzwa 4. Na kwenye ncha moja ya sindano ya dira palikuwa na uchafu mweusi umeganda. Kivuli kilikuwa kimelala penye ile 4 ya msumari. Nikasema, tena kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba hii inasema saa kumi, na jua bado la asubuhi. Kwamba kitu kizuri kama hiki kimeharibiwa, na aliyekwaruza namba hizi hakujua saa.

Bibi hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ndivyo alivyosema padri," akanijibu.

Akanieleza. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa kigango, kanisa dogo la kijiji ambalo padri hulifikia mara moja kwa mwezi. Kengele ilipigwa alfajiri, mchana na jioni kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana, na ilipigwa pia kwa ajili ya shule iliyokuwa palepale. Saa ya kigango ilipoharibika, padri alimwazima hiki kisanduku na hakumweleza chochote zaidi ya kwamba kivuli kinaonyesha saa. Baba alikaa nacho uani msimu mzima, akitazama, akikwaruza kidogo kidogo kwa msumari. Kengele ikapigwa miaka miwili bila mtu kulalamika. Halafu padri akapata habari ya namba. Alisema mali ya misheni imeharibiwa na mtu asiyejua saa, akamwondoa kwenye kengele mbele ya waumini, Jumapili, na kile kisanduku akamwachia kwa sababu hakikuwa na kazi tena. Baba hakupiga kengele tena mpaka alipokufa. Na kwenye ukoo wao, mpaka leo, mtu akichelewa shamba au akikosea hesabu wanamwambia amefuata saa ya mpiga kengele. Wajukuu wanasema hivyo na kucheka, hata hawajui wanamcheka nani.

Aliyekuwa akiishi naye pale ni mtoto wa kaka yake, mkulima wa makamo. Huyo alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa vitu vya kale anayezunguka vijijini, na mnunuzi alikuwa arudi mwisho wa mwezi. Kwa nini wasiuze, mkulima huyo aliuliza mbele yetu, ikiwa ni kitu kibovu na kumbukumbu yake ni aibu?  Bibi alikifunga kisanduku kwenye kile kipande cha kanga akanipa mimi.

"Chukua, mwalimu. Kitazame vizuri kuliko ulivyokitazama sasa. Kama baba aliharibu, niambie, nao wauze. Kama hakuharibu, nataka kulisikia hilo kabla sijafa."

Nilirudi Milanzi nikiwa nimekipakata kama mtoto. Na nilifanya nini? Ee Mungu nisamehe, nilifanya kile kile ambacho ningemchapia mwanafunzi. Sikutazama. Niliuliza wakubwa. Kuna kundi la wakusanyaji mtandaoni, watu wa nchi za mbali, wajuzi wa kutisha, wanaweza kukuambia fundi gani alichonga pete ipi. Niliwapelekea picha. Jibu likaja kabla ugali haujaiva: kitu kimechorwachorwa na mwenyeji, thamani imekwisha, labda ukisugue kwa dawa ya shaba mikwaruzo ipungue. Mwenyeji! Kwa lugha yao neno hilo lilikuwa na harufu ninayoijua. Lakini ningewakasirikia kwa uso gani, wakati mimi mwenyeji mwenzake nilikuwa nimesema yale yale, tena nikiwa nimekalia kigoda cha binti yake?

Basi nikanunua dawa ya kung'arishia shaba. Kopo zima. Nilikaa mezani na kitambaa laini nikaanza na dira, kwa sababu ule uchafu kwenye ncha ya sindano ulikuwa ukiniudhi. Niliuparua kwa ukucha. Ulikuwa nta. Ikatoka yote, sindano ikang'aa, na mara ile ile ikainama upande mmoja, ikakwama sakafuni, ikagoma kuzunguka.

Nikakitikisa kisanduku. Nikakigeuza. Sindano ikabaki imelala na kichwa chake cha kusini chini.

Hapo ndipo moyo uliponidunda, maana jambo hili nilikuwa nalijua. Nimeliandika ubaoni mwaka baada ya mwaka! Sindano ya dira haivutwi kwenda kaskazini peke yake, inavutwa pia kuinama. Huko Ulaya kinachoinama ni kichwa cha kaskazini, kwa hiyo fundi wao anaongeza uzito kidogo upande wa kusini ili ikae sawa. Ilete sindano hiyo hiyo kwetu, kusini mwa ikweta, mambo yanageuka: kichwa cha kusini ndicho kinachoinama, na ule uzito wa fundi unakizamisha zaidi. Dawa yake ni kubandika kitu chepesi upande wa kaskazini. Nta, kwa mfano. Kipande kisichozidi chembe ya ulezi, mahali pake hasa. Mimi nilijua kwa kitabu na sikutambua nilipokiona kwa macho; mpiga kengele hakuwa na kitabu, alikuwa na sindano iliyokwama na nta ya nyuki, akakaa nayo mpaka ikatembea. Nami nimekuja baada ya miaka yote hiyo nikaipangusa kama kamasi.

Nilifunga lile kopo la dawa. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba sikuweza kula. Kesho yake nilikwenda kwa muuza asali nikamwomba nta, na nilibandika na kubandua mara saba au nane kabla sindano haijakaa sawa. Yule mzee lazima alifanya hivyo akiwa na subira kuliko mimi.

Sasa nikajiambia: mtu aliyeweza hilo hakukwaruza namba kwa ujinga. Asubuhi nikakiweka kisanduku juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, pete nikaiinua kama nilivyomwona bibi akiiinua, karibu wima. Nikakaa chini na daftari nikawa nanakili namba za msumari moja moja. Kichwa kiliniuma. Nilikuwa bado nimeinama pale jirani yangu wa hela za Mjerumani alipochungulia juu ya ukuta akaniuliza saa ngapi. Nikajibu bila kuinua uso.

"Saa nne na kidogo."

Akasema mbona kwake ni saa tano. Mimi nilikuwa nimeshaganda. Sikuwa nimetazama saa ya mkononi. Nilikuwa nimetazama pete, kivuli kilikuwa penye 4 ya msumari na kidogo, nami nimeisoma kama ilivyoandikwa: saa nne.

Nitaeleza kosa langu, na anayetaka kucheka acheke. Sisi tuna tabia ambayo tumeizoea hata hatuioni. Mshale wa saa uko kwenye kumi, mdomo unasema nne. Uko kwenye kumi na mbili, tunasema sita. Mtoto anajifunza kugeuza kabla hajajua kwamba anageuza, kwa sababu saa zilizoletwa huhesabu kuanzia usiku wa manane, na sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kama watu wenye akili. Kwa hiyo siku ile kwa bibi niliiona 4, na mdomo wangu uliozoea kugeuza ukasema kumi. Niligeuza kitu ambacho mwenyewe alikuwa ameshakigeuza! Yeye aliandika saa tunazozisema. Adhuhuri ni saa sita, basi kaandika 6, mahali pale pale ambapo Mzungu aliandika kumi na mbili. Alitengeneza saa isiyohitaji kugeuzwa, na sisi wasomi tuliposhindwa kuisoma tukasema hajui saa. Nyani haoni kundule.

Na zile mbili na nne zilizobadilishana? Hapo ndipo nilipotaka kulia. Saa ya jua ya Ulaya imechongwa kwa watu wanaoliona jua kusini kwao. Ukiileta huku lazima uielekeze upande mwingine, na ukifanya hivyo kivuli kinatembea kinyume cha namba za Kirumi: asubuhi yote inaangukia namba za alasiri. Saa nne ya asubuhi kivuli kinakwenda penye mbili ya Kirumi, na saa mbili kinakwenda penye nne. Namba zake zote kumi na tatu nilizipima siku tatu mfululizo. Hakuna hata moja iliyokosewa.

Ilibaki ile tofauti ya karibu saa nzima kati ya pete na saa ya jirani. Nayo nilikuwa nimeifundisha. Saa za nchi nzima, kuanzia Kabwe hadi pwani, zimepangwa kwa jua la mahali fulani mashariki huko, mbali baharini. Jua likiwa utosini mwa samaki wa huko, Sumbawanga linakuwa halijafika. Ndiyo maana kwetu kunakucha tukiwa tumeshachelewa kazini. Kisanduku cha mpiga kengele kilikuwa kinasema jua la Ufipa lilipo, na saa zetu zote zilikuwa zinasema habari za kwingine.

Niliwaandikia wajuzi wa mtandaoni ukurasa mzima. Mmoja akajibu kwamba ni jambo la kuvutia, ila bei bado inashuka. Nikatoka kwenye lile kundi siku hiyo hiyo. Waendelee kupimiana bei.

Nilirudi kwa bibi siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi nikidhani nimewahi. Sikuwahi. Mnunuzi alikuwa amefika, amekaa kwenye kile kigoda nilichopewa mimi, bwana mwenye viatu vya ngozi na mkoba wa begani, na mtoto wa kaka yake bibi alikuwa amemwambia mali iko kwa mwalimu Sumbawanga. Nilipotoa kisanduku wote wakasimama isipokuwa bibi. Mnunuzi alikichukua mkononi mwangu kabla sijampa. Alitazama namba, akasonya, akasema si neno, ana fundi wake mjini, msasa laini tu na mikwaruzo yote inafutika. Halafu akainusa ile nta, naapa aliinusa, akaniuliza kama ndani yake kuna zebaki, kama wanavyouliza wawinda hazina wote.

Nilichomwambia sitakiandika chote. Nilimwambia kwamba alama anazotaka kuzipiga msasa ndizo pekee zenye akili kwenye kitu kile, na kwamba Mzungu aliyechonga zilizobaki hakujua kama Ufipa ipo duniani. Nilimwambia arudishe. Sauti yangu ilifika barabarani, maana wapita njia walisimama. Alirudisha.

Jua lilikuwa karibu kufika utosini. Nikakipindua kinu cha bibi, nikaweka kisanduku, nikainua pete, nikasubiri sindano itulie. Sikumweleza yule mkulima habari za ikweta. Nilimwambia asogee, asahau kila alichoambiwa, asome namba ya msumari chini ya kivuli, kisha aniambie saa.

Akainama. "Sita," akasema. "Saa sita."

Nikamwambia atazame jua. Akatazama, mkono juu ya macho, akageuka kutazama kivuli chake mwenyewe kilivyofupika miguuni. Akatoa simu mfukoni. Simu ilisema inakaribia saa saba. Nikamweleza hapo kwa nini simu inakimbia, na kwa nini babu yake hakukimbia nayo, na nikamsomesha pete yote, namba hata namba, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko nilivyokuwa mimi. Mwanzoni alicheka kwa mshangao, halafu kicheko kikamkatikia. Nadhani alikumbuka mara ngapi amemwambia mtu kwamba amefuata saa ya mpiga kengele. Alimgeukia mnunuzi akamwambia kwa upole kwamba hakuna kinachouzwa hapa, na kama anakwenda Mtowisa basi aondoke sasa, njia ya mteremko ni mbaya. Bwana yule akaondoka na mkoba wake akinung'unika kuhusu mafuta ya pikipiki.

Mimi nilikuwa nimejaa ushindi mpaka kooni. Nilipiga magoti mbele ya bibi, nikamshika mikono, nikamwambia lile alilotaka kulisikia: baba hakuharibu. Baba alikuwa sahihi kuliko padri, kuliko mimi, kuliko wote waliomcheka. Nilisema maneno mengi. Nilisema padri yule angekuwa hai ningekwenda kumgongea mlango. Nilisema ni dhuluma, kumwondoa mtu kazini mbele ya watu kwa sababu amejua kitu ambacho wewe hujui, na wala hata hukumwuliza. Nilitegemea atalia kwa furaha, au atashukuru, au atapiga kigelegele kama mama zetu wanavyofanya.

Bibi alikuwa anatazama kile kisanduku juu ya kinu. Mtoto wa kaka yake akasogea kumwuliza kama anajisikia vibaya. Akamwashiria akae. Akaniuliza kama nina hakika namba zote ni sawa, zote kumi na tatu. Nikasema nina hakika. Akatikisa kichwa taratibu. Halafu akatuambia jambo ambalo, alisema, hajawahi kumwambia mtu, hata padri wa kumwungamisha.

"Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu alitufundisha saa ya ukutani, akasema kumi na mbili hukaa juu. Nikanyoosha mkono, nikasema ya baba ina sita juu. Padri alikuwa amekaa nyuma, amekuja kukagua shule. Akaniita mbele nichore ubaoni namba za baba, nikazichora zote, sikusahau hata moja. Akasema mtoto huyu ana akili, mpigieni makofi. Darasa lote likanipigia. Jumapili iliyofuata akamwondoa baba kwenye kengele."

Nilitaka kumwambia alikuwa mtoto. Hakunipa nafasi.

"Baba alikuwa mlangoni, amekuja kupiga kengele ya mapumziko. Hakusikia nimeulizwa nini. Alipoona wenzangu wananipigia makofi, akaweka kisanduku chini, naye akanipigia."